Vitambaa vya Makochi na Kifua cha Mama Mkwe

Nilianza kumwonea wivu dada siku ya kwanza nilipoingia sebuleni kwake, mtaa wa Lemara. Ni mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Namwita dada kwa heshima. Ana watoto watatu watundu kama mbuzi, na bado ukishika meza yake mkono unatoka msafi. Yeye mwenyewe utamkuta amekaa, miguu juu ya stuli, anakunywa chai. Hiyo chai ndiyo iliyonichoma. Ningemkuta ameinama na ndoo, anahema, roho yangu ingetulia. Lakini chai!

Mimi kwangu Moshono nilisafisha nyumba kama mtu anayezima moto. Wiki nzima naiacha, naota nyumba yangu ya baadaye yenye ghorofa na maua ya waridi hadi getini. Ikifika Jumamosi nafunga kanga kiunoni, nafungulia redio, natoa kila kitu nje kwa mpigo. Jioni mgongo hauinuki. Mume wangu akiingia na matope ya barabara yetu, nalia machozi ya kweli, naye anabaki mlangoni na viatu mkononi, hajui aende wapi.

Basi mama mkwe akaanza kliniki ya kifua mjini. Anaishi juu huko mlimani, kwenye migomba na ng'ombe wake, na daktari alitaka awe karibu kwa miezi kadhaa. Akasema atakaa kwa mkwe mmoja kati yetu wawili, kwanza aone. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, sikumbuki hata sauti yake. Nilimtaka huyu bibi akae kwangu jinsi mtoto anavyotaka kubebwa. Nilishampangia kitanda karibu na dirisha, aone mlima mawingu yakifunguka.

"Unamgombania mama yangu kuliko ulivyonigombania mimi," mume wangu akanitania.

"Wewe ulikuja mwenyewe," nikamjibu.

Jumuiya yetu ya mtaani husali nyumba kwa nyumba, na zamu yangu iliangukia mwezi wa saba. Mama mkwe akasema atakuja kusali nasi. Dada naye akasema atakuja, kana kwamba kuna aliyemwita.

Siku yenyewe nikaamka kupigana. Nilifua vitambaa vya makochi vyote, vile nilivyofuma kwa mkono wangu, nikavitia wanga wa unga wa muhogo ili visimame vizuri. Nje manyunyu na baridi ya mwezi wa saba. Hapakauki hata soksi. Nikavipitisha pasi, vikatoa mvuke, nikavitandika hivyo hivyo. Zulia nalo lilihitaji kupigwa, na kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, nikalipigia humo humo sebuleni. Nikapiga deki. Nilipoinua macho nikaona utando wa buibui darini. Nikaukung'uta na ufagio, ukaangukia kwenye sakafu mbichi. Nikapiga deki tena, huku nikisikia watu wanabisha hodi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una nyumba nzuri hivi?" Akakaa. Hata hatujamaliza wimbo wa kwanza, akaanza kukohoa. Vumbi la zulia lilikuwa bado hewani, linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Alikohoa hadi akashika ukuta. Tuliposimama kuomba, akina mama wote walisimama na vitambaa vyangu vimewagandia migongoni.

"Jamani, mama mwenye nyumba ametuvika majoho!" mmoja akasema, na sala ikafia hapo kwa vicheko.

Dada hakucheka sana, na hilo nalo liliniuma. Alimbandua mama kitambaa taratibu, akamtoa barazani, akampa maji ya moto kwenye kikombe changu, kile nilichomnunulia mama mimi. Nikasimama mlangoni na sahani ya maandazi, nikiwaangalia wawili wale kama mtu aliyekosa nafasi kwenye benchi.

"Usilie, mwanangu," mama akasema. "Kwako napapenda. Ila kifua changu kimekataa. Nitakwenda Lemara."

Nikawa naenda Lemara kumsalimia, na macho yangu yanapeleleza. Maji ya chai yakichemka, dada anafuta dirisha moja. Moja tu, kisha analisahau lingine hadi kesho. Anaanza juu, anashuka, sakafu ya mwisho. Vumbi halifagii likiwa kavu. Analifuta kwa tambara lenye unyevu. Zulia hulitoa siku ya jua, jua lisipotoka analiacha. Watoto huvulia viatu barazani. Vitambaa vya makochi kwake ni viwili, basi.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Dada, siku yako ya usafi ni ipi?"

"Siku ya usafi?" Akacheka hadi chai ikamwagika. "Mdogo wangu, sina. Ningekuwa nayo ningetoroka nyumba."

Nilirudi nimekasirika. Kumbe hata siri yake ilikuwa ya kivivu! Kwa wivu huo huo nikamwiga. Vitambaa nikavifungia kwenye begi, nikabaki na kimoja. Leo kabati, kesho dirisha, keshokutwa naota waridi zangu bila kusikia sauti ya kunisuta. Jumamosi ikafika nikakosa cha kuvuruga, nikaenda sokoni nikitembea taratibu.

Kabla ya Krismasi mama alipita kwangu akitoka kliniki. Alikula, akajiegesha kwenye kochi, akalala. Nilikaa jikoni nimebana pumzi nikisubiri kikohozi. Hakikuja. Alipoamka akaangalia dirishani, akajinyoosha.

"Mpigie mwenzako," akasema. "Mwambie mfuko wangu wa nguo uletwe huku."

Nikampigia. Nilitaka kuringa, namshukuru Mungu sauti ilinisaliti, ikatoka ndogo. Niliwasikia watoto wake wakigombana kwa mbali.

"Kwangu amekosa nini?" akauliza.

Nikamwambia na yeye aje Jumapili, aulete mfuko mwenyewe, chai nitapika mimi.