Nilimchora Mwanamke wa Gomesi Juu ya Mwamba wa Tororo

Admin, ficha jina langu lakini usifiche uzuri wangu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mkaaji wa Busia, na katika mpaka huu wa Kenya na Uganda, pande zote mbili, hakuna fundi wa kunishinda kushona gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda. Waulizeni wanawake wa Tororo.

Haya, nimedanganya. Sijawahi kushona gomesi hata moja. Zote alizishona marehemu mke wangu chumba cha nyuma, mimi nikiwa mbele na futi shingoni, napima, natania wateja, nasifiwa. Mara moja aliniita, "Baba watoto, njoo uone mabega yanavyosimamishwa." Nikamjibu mimi ni mtu wa suruali, mambo ya wanawake yasinichoshe. Hakuniita tena.

Sasa oneni nilivyojifunga. Kituo kimoja kidogo cha ushonaji kilinichukua niwe mwalimu kwa ajili ya sifa hiyo ya gomesi. Mkuu wetu, Madam, akanipa silabasi ya kurasa nne, maneno matupu kama hati ya shamba. Nikawagawia wanafunzi. Kesho yake nikazikuta karatasi zimekatwa kuwa pateni za kola. Kola nzuri, lakini aliyesoma hakuna. Hata mimi niliishia ukurasa wa pili. Shule niliiacha darasa la tano, tulichukiana.

Basi nikapasua mfuko wa simenti, nikaugeuza ndani nje, nikachora barabara ya kutoka Busia mpaka Tororo. Kila wiki ni kituo. Mpakani, sindano na uzi. Mbele kidogo, sketi. Kando ya kila kituo nikachora vitu vya kubeba siku hiyo: mkasi, chaki, kitambaa. Mtihani nikaufanya kizuizi cha polisi, kwa rangi nyekundu. Na kwa sababu mwisho wa barabara nafasi ilibaki juu ya mwamba wa Tororo, ule mlima wa jiwe ulio kando ya mji, na mkono ulikuwa umeshanoga, nikamsimamisha pale mwanamke wa gomesi, mabega juu kama pembe.

Jamani, walisoma! Wakapiga picha kwa simu, wakawatumia mama zao. Aliyebaki nyuma anaambiwa, "Wewe bado uko forodhani." Madam naye akasema, "Mwalimu, hii hata mimi nimeisoma mpaka mwisho." Mpaka mwisho, maana yake mpaka kwenye gomesi.

Zimebaki wiki mbili tufike mwambani, niwafundishe gomesi. Nimejaribu kuwaambia mwamba ni mkali, watu wenye akili huishia chini wakanywa soda. Nekesa, msichana wa upande wa Kenya asiye na adabu, akanijibu, "Mzee, wacha stori. Umeichora, tunapanda." Na Apio wa kijiji cha Mwello, upande wa Uganda, yule mpole, akanionyesha kitambaa ambacho mama yake aliuza mbuzi kukinunua. "Mwalimu, mimi nataka kuvaa hii siku ya kuleta bwana nyumbani. Nakwenda kushona mwenyewe." Nikamwambia vizuri sana. Kisha nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kengele.

Nikikiri, nitaonekana mwizi wa kazi ya mke wangu, na ndivyo nilivyo. Nikinyamaza, naharibu kitambaa cha mtoto wa watu. Niliwaza nifumue gomesi moja ya mkono wa mke wangu, nijifunze kwa kuufuata uzi wake kinyumenyume. Nyumbani haipo. Ya mwisho tulimzika nayo.

Kichwa changu kimegoma, kwa hiyo semeni nyinyi nipite wapi. Hata matusi nitayasoma. Lakini wewe mama wa kule Paya, najua huu ukurasa unaufuata. Siku ya harusi ya binti yako, kifungo cha gomesi yako kilikatika mlangoni pa kanisa. Nikatoa sindano, nikakishona ukiwa umeivaa, padri anangoja. Ukaniuliza, "Mzee, nikufanyie nini?" Nikasema siku nyingine. Hiyo gomesi aliishona mke wangu. Niazime hiyo gomesi siku tatu, mama. Nitafumua bega moja tu.