Karanga Zilizowaua Sungura wa Yohana

Naikumbuka bado asubuhi ile kule Haneti, mwanangu, nilipomkuta kaka yangu Yohana amechuchumaa mbele ya banda lake la sungura. Umeniuliza kama uwape sungura wako pumba na mashudu pamoja na ule unga wa vimeng'enya. Nitakujibu, ila usinikatize, maana kisa chenyewe ni kizito.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Majani yakaisha, na Yohana alikuwa na sungura wadogo ambao ndiyo kwanza wameacha kunyonya. Akaenda sokoni Majengo, mjini, akanunua pumba, mashudu ya alizeti na pakiti ya vimeng'enya. Muuza duka alimweleza vizuri tu kwamba unga ule unamsaidia sungura kusaga chakula kigumu tumboni, akue upesi. Na kweli walinawiri. Yohana alikuwa akiwabeba kutuonyesha uzito wao, hadi tukamchoka.

Mashudu yalipoisha, akageukia karanga. Unaijua desturi yetu ya kuchambua: nzuri zinakwenda sokoni, zilizosinyaa zinabaki za mboga, zenye ukungu hupewa mifugo. Akazitwanga zile za ukungu, akachanganya na pumba, akanyunyizia unga wake. "Vimeng'enya vitamaliza kila kitu," alituambia. Hakuna aliyembishia, sungura wake walikuwa wamenona kuliko sisi.

Haukupita muda wakaanza kususa chakula. Wakalegea, masikio yakageuka manjano kwa ndani, wakafa mmoja baada ya mwingine. Asubuhi ile niliyomkuta, banda lilikuwa tupu, mizoga ya mwisho iko chini mbele yake.

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, alikuja akatazama mizoga, kisha akaingia jikoni na kutoka na kapu la karanga za mboga.

"Yohana, hizi zililala gunia moja na zile?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Basi zimwageni zote. Unga wa dukani unasaga chakula, hauondoi sumu. Kilichomuua sungura mnakitia kwenye mlenda?"

Wifi yangu Roda, mke wa Yohana, akaanza kulia. Kwa njaa ile, nani angemwaga karanga? Yohana akamjibu mama mkubwa kwa upole kwamba zilizosinyaa hazina ukungu, na tumezila tangu utotoni. Tukaendelea kupika.

Binti yao Neema alipenda mno mlenda wa karanga. Macho yake yalipogeuka manjano, Yohana alimkimbiza hospitali kwa bodaboda. Madaktari walijitahidi. Tulimzika kabla mvua hazijarudi, na kaka yangu hakufuga tena. Inaniuma hata sasa ninapokusimulia.

Kwa hiyo wape sungura wako pumba na mashudu, mwanangu, na majani makavu ya kutosha, na vimeng'enya ukipenda. Ila kila kitu kiwe kikavu na safi. Chenye ukungu, na kilicholala nacho gunia moja, kifukie, hata njaa ikiwa imepiga hodi. Na sungura wakifa, usikimbilie kulaumu ugonjwa. Funua kwanza chungu chako uone watoto wanakula nini.

Mungu akupe mavuno makavu. Akupe na watoto watakaokuzika wewe.