Siku Redio Alipoambiwa Azimie

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Redio. Sijui nani alianza, ila hakukosea. Anapiga domo tangu anapofungua duka hadi anapolifunga, tena na pini mdomoni, wateja roho juu wakidhani atazimeza. Mimi napamba maharusi chumba cha pili, ukuta wenyewe wa mbao, kwa hiyo nasikia yote. Umeme ukikatika nafurahi, halafu nakumbuka cherehani yake ni ya miguu.

Kazi yetu nyingine watu hawaiamini. Chuo cha udaktari huwapeleka wanafunzi msituni wajifunze kumtibu mtu mahali ambapo hakuna wodi, hakuna taa, na barabara iko mbali. Sasa lazima awepo wa kuumia. Shangazi ndiye anayeumia, mimi ndiye ninayempaka damu.

Tatizo lake ni kutia chumvi. Safari iliyopita alipewa mguu uliovunjika, basi. Alipoona vijana wanamhudumia bila wasiwasi, akahisi wamemdharau, akaongeza pumu. Kisha, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaongeza uchungu wa kuzaa! Vijana wakauacha mguu, mmoja akaanza kuvua shati apate kitambaa cha kumpokelea mtoto. Mimi mbavu sina. Mwalimu wao, daktari mkuu, hakucheka hata kidogo.

Safari hii alimwita shangazi kando ya gari.

"Mama, leo umeanguka korongoni, umezimia. Huoni, husemi. Ukifungua mdomo, sikuiti tena."

"Hata kuguna?"

"Hata kuguna."

Alinijia amenuna. Nilipokuwa nampaka damu kwenye paji la uso, akanishika mkono. "Mwanangu, nikimwaga unga hapa nitabaki na nini? Tangu mume wangu afariki, hizi ndizo siku ninazoamka na hamu."

Nilitaka kumtania, lakini nilipomwona macho sikuweza. "Basi nyamaza, shangazi. Saa moja tu."

"Saa moja!" akasema, utadhani nimemtajia kifungo cha maisha.

Akalala kule korongoni kwenye majani makavu, akatulia. Wanafunzi wakashuka. Kwanza walitazama juu, wasije wakaangukiwa na mawe. Kisha msichana mmoja mwenye miwani akapiga magoti, akakishika kichwa cha shangazi kwa mikono miwili ili shingo isigeuke. Anayeshika kichwa haachii mpaka mgonjwa afungwe vizuri kwenye machela, na yeye ndiye anayetoa amri ya kunyanyua. Wenzake wakasikiliza pumzi, wakamfunika makoti, wakaenda kukata miti ya machela. Tukabaki yeye, mgonjwa wake, na mimi pembeni na sanduku langu la rangi.

Wamefundishwa kuongea na mtu aliyezimia, maana huenda anasikia. Msichana alianza vizuri. "Mama, uko salama. Wenzangu wanakuja na machela." Akarudia mara mbili tatu, maneno yakamwishia. Alipoanza tena, sauti ilikuwa ya chini, na hayakuwa yale ya darasani.

"Mama, mimi si mtu wa kazi hii. Juzi wodini mgonjwa alishikwa na kifafa mbele yangu, nikasimama tu kama nguzo. Nesi ndiye aliyekuja kumsaidia. Tangu hapo nikimgusa mtu mikono inatetemeka. Nimeshamwambia mama, Jumamosi narudi nyumbani. Naacha."

Nadhani alisahau kwamba nipo. Nikamtazama shangazi. Kope zinacheza. Chozi linateremka, linaharibu damu niliyoipaka kwa ufundi wangu wote. Nyamaza, shangazi, nikaomba moyoni, nyamaza jamani! Daktari mkuu alikuwa amesimama nyuma ya mti, anatuangalia. Nikajivuta taratibu, nikamfinya kidole cha mguu kumwonya.

Akafumbua macho.

"Mwongo wewe," akamwambia msichana. "Mikono yako haitetemeki. Kichwa kilichomo humo ni changu, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua. Tangu ukishike hakijatikisika hata kidogo."

Msichana akatoa macho. Mimi nikafumba yangu. Kwisha habari yetu! Nikasikia majani yakikanyagwa, daktari mkuu anakuja.

"Daktari, nisamehe," shangazi akaanza, "lakini huyu mtoto..."

Daktari akamgeukia msichana. "Mgonjwa wako amezinduka," akasema. "Unasubiri nini, daktari?"

Msichana akamwinamia shangazi. Mikono haikutoka kichwani.

"Mama, usigeuze shingo. Unajua uko wapi? Unakumbuka ulivyoanguka?"

Shangazi akamwangalia mkuu kwa jicho la pembeni.

"Umeulizwa, mama. Jibu."

Loo! Mtu anamwambiaje Redio maneno kama hayo? Alijibu. Alieleza jiwe lililomponza, kiatu kilichoteleza na alichokuwa anafuata huko korongoni, na machela ilipofika, katika hadithi yake bado alikuwa hajaanguka.

"Mama, pumzika kidogo," msichana akamkatiza, na shangazi, makubwa haya, akanyamaza. Msichana akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Wote shikeni. Kwa hesabu yangu. Moja, mbili, tatu, nyanyua!"

Sauti ilijaa korongo zima. Wakamnyanyua shangazi pamoja, hakuinama huku wala kule. Nililia, siwafichi, na daktari mkuu naye akawa anahangaika na kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa vizuri tu. Alipoinuka alimuuliza shangazi kama muhula ujao atakuwa na nafasi.

Jioni tulikuwa tunapakia vitu kwenye gari. Yule msichana alisimama upande wa pili, simu sikioni, matope hadi magotini.

"Mama, Jumamosi usinisubiri," akasema. "Siji. Nina zamu wodini."