Siku Nilipowafukuza Ndege wa Bonde Zima

Kama mna cheko lenu, lichekeni sasa hivi mlimalize, maana mkianza kucheka katikati na mimi nitacheka, na hadithi haitafika popote. Aibu yenyewe niliitafuta kwa mdomo wangu, hakuna aliyenisukuma, na mpaka leo ukifika Namawala ukamuulizia Skola fundi cherehani, watakujibu, "Yule wa ndege?" Ndiyo, yule yule.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimeolewa sina hata miaka mitatu, nina cherehani yangu Ifakara mjini, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Siku moja akaja Mwalimu Kasiani, mwalimu mstaafu mpole anayetembea kama anaogopa kuiamsha ardhi, akataka nimshonee mfuko wa turubai wa kubebea darubini. Alikuwa na kikundi chake cha wapenda ndege, watu sita wa kujitolea, wanakwenda mabwawani kuhesabu ndege na kuandika kwenye daftari. (Nilipoambiwa mara ya kwanza niliuliza wakishawahesabu wanawapika vipi.) Mfuko ulipokwisha akaisimamisha darubini kwenye miguu yake mitatu mbele ya baraza langu, akailenga kwenye waya wa umeme, akaniambia nichungulie. Nikamwona mdiria. Wale wadogo, wa buluu, unaowapita kila siku ukienda kuchota maji. Akapepesa jicho, nikaliona jicho linapepesa, nikashtuka kama mtu aliyesalimiwa kwa jina.

Mnielewe vizuri. Mimi nimezaliwa shambani, na kwetu sisi wa mpunga ndege ni mwizi, hana jina jingine. Tangu nina miaka mitano kazi yangu ilikuwa kuamia: unapanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na kutoka alfajiri mpaka jua linazama unawapigia kelele kwelea wasile mpunga. Sauti yangu ilikuwa maarufu, wajomba walikuwa wananiazima. Sasa mtu kama huyo anaonyeshwa jicho la mdiria, anapenda, afanyeje? Nikajiunga. Mwalimu akaniandika kwa penseli kwenye orodha ya kikundi, akasema nikishiriki hesabu ya mwezi wa sita bila kasoro ataniandika kwa wino.

Hesabu hiyo haikuwa ya mchezo. Darubini ilikuwa ya kuazima, na mgeni alikuwa anakuja kutoka Morogoro kutuangalia tunavyofanya kazi, tukimridhisha tunabaki nayo, tukimvunja moyo anaondoka nayo anawapa wengine. Nilikosa usingizi kwa sababu ya kile chuma kama vile ni mtoto wangu anayetaka kuchukuliwa.

Tukaenda kulala Namawala kwa mama mkwe wangu, Mama Severini, ambaye shamba lake linapakana na bwawa. Kesho yake alfajiri, jamani, baridi! Wanaosema bonde letu ni joto tu hawajaamka hapo kipupwe, ukungu umepanda kutoka majini, meno yanagongana. Sweta langu lilikuwa jekundu, na Mwalimu alikataza nguo za kung'aa. Basi nikachomoa msumarini koti kuukuu la mama mkwe, lile analovaa akiwa kwenye kuamia. Koti tu! Nani angejua kwamba koti lina akili yake? Linanuka moshi wa dunguni, mifukoni limejaa vidonge vya udongo mkavu vya kurushia ndege, na nilipoingiza mikono humo mwili wangu wote ukajua uko kazini, isipokuwa haukujua kazi imebadilika.

Tukajificha nyuma ya matete. Mwalimu alipanda juu ya kichuguu na darubini yake, mgeni kachutama pembeni na daftari, sisi wengine tumejipanga kimya, hata kukohoa ni marufuku. Ukungu ukaanza kuinuka na ndege wakatokea chini yake, korongo, bata maji, yangeyange weupe wengi mpaka bwawa linaonekana limeanikwa mashuka. Mwalimu akainua kidole, maana yake tuanze.

Hapo hapo likapita kundi la kwelea juu ya vichwa vyetu, vuuu, linaelekea kwenye mpunga wa mwisho wa Mama Severini uliokuwa bado una maziwa kwenye punje.

Sikuamua. Naapa sikuamua. Mkono ulitoka mfukoni na kidonge, ukarusha, na kifua kikafunguka chenyewe: "Haiyaaa! Hooo! Hooo! Tokeni hapo, wezi wakubwa!"

Kama ingeishia hapo ningeomba radhi tukaendelea. Lakini kwetu mtu mmoja akipiga kelele ya kuamia, jirani naye lazima apige, kwa sababu ndege waliofukuzwa kwako wanatua kwake. Basi dungu la karibu likaitika, la pili likadaka, wa tatu akaanza kupiga debe, na kelele ikawa inakimbia ukingoni mwa bwawa, dungu kwa dungu, mabati, masufuria, filimbi, watoto na mbwa wao, mpaka kule mbali ambako hata watu hatuwaoni tunasikia tu "hooo" inakwisha kwenye ukungu. Na bwawa lote likaruka. Lote! Kukawa giza kidogo, na kutoka kwenye giza hilo vikaanza kudondoka vile vitu ambavyo ndege akishtuka huwa anavidondosha. Daftari la mgeni lilikuwa wazi. Mwalimu alitaka kugeuka aone nani kafanya hivyo, kichuguu kilikuwa na umande, akateleza huku ameikumbatia darubini kifuani, akazama matopeni mpaka kiunoni, yeye kalowa, darubini kavu.

Mgeni akafuta uso kwa leso, akanitazama taratibu.

"Dada," akasema, "umemaliza, au kuna ubeti wa pili?"

Nilitamani ardhi inimeze, na kwa matope yale ingeweza kabisa. Nikalia. Mwalimu akatolewa, akavua kiatu, akamwaga maji, na mambo mabaya nikayajua pale aliponiita jina zima. "Skolastika, ndege watarudi jioni. Mgeni wetu amekubali kusubiri kesho, kesho tu. Wewe leo utapita kila dungu, uwaombe wenye mashamba wanyamaze asubuhi moja."

Nikapita. Hatuna simu enzi hizo, miguu yangu ndiyo iliyobeba habari, na kila ninapofika lazima kwanza nikiri kwamba ile kelele iliyowaamsha wote ni yangu. Walivyocheka! Mzee mmoja alishuka dunguni ili acheke vizuri akiwa chini. "Kumbe ni wewe, mwanangu! Mimi nilijua kundi la nyati limeingia, nikapiga debe mpaka likapasuka." Lakini kunyamaza hakuna aliyekubali. Wote walisema neno moja, "Kamuulize mama mkwe wako, akinyamaza yeye sisi tutanyamaza."

Nikamkuta amekaa anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekwisha sikia, usinirudie. Yaani unataka mpunga wangu uwe chai ya asubuhi ya kwelea, ili nyie mpate kuandika?"

"Asubuhi moja tu, mama."

Akapepeta, akapepeta. Nikamweleza habari ya jicho la mdiria, nikamweleza kwamba kama kile chuma kikiondoka mimi sitaona tena kitu kama kile maisha yangu yote. Akaweka ungo chini. "Sawa. Lakini nataka mtu mzima asimame shambani kwangu apunge kanga bila kutoa sauti. Na asiwe wewe. Wewe huaminiki."

Tatizo, kila mwanakikundi alikuwa na kona yake ya kuhesabu. Aliyebaki bila kazi ni mmoja tu, mgeni.

Basi asubuhi ya pili bonde lilikaa kimya namna ambayo wazee walisema hawajawahi kuisikia msimu wa mpunga. Ndege walikuwa wamerudi wote. Mimi nilikuwa kona yangu, sweta jekundu limegeuzwa nje ndani na kupakwa tope, mdomoni kipande cha muwa alichonipa mama mkwe ("shika, huo mdomo uwe na shughuli"), nahesabu mpaka macho yanatoka machozi. Na kule shambani bwana mkubwa wa Morogoro, suruali imekunjwa magotini, anapunga kanga mbili huku na huku, na nyuma yake Mama Severini akimwelekeza kwa vidole, kushoto, kulia, juu zaidi!

Tulipomaliza mama mkwe alikuja kudai kanga zake, Mwalimu akamkaribisha kwenye darubini. Ilikuwa imemlenga kwelea mmoja kwenye unyasi. Akachungulia muda mrefu.

"Kumbe una mdomo mwekundu hivyo," akamwambia. "Miaka yote nakutukana, sijakuona hata siku moja."

Mgeni naye akafika, hoi, amejaa makapi ya mpunga nyweleni. Akamwambia Mwalimu, "Vikundi nimetembelea vingi. Kinachoweza kunyamazisha bonde zima ndiyo kwanza nakiona. Darubini ibaki hapa."

Mwalimu akatoa kalamu, ya wino, akaanza kuandika Skolastika, herufi moja moja, mbele ya macho yangu. Nilitaka kusema asante. Jamani, nilitaka asante tu! Furaha na muwa vikakutana kooni, nikapaliwa, nikakohoa kikohozi cha ajabu, na yangeyange wote waliokuwa wamebaki bwawani wakaruka kwa mpigo.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria na sijaivunja: nikijisikia furaha karibu na maji, naondoka kwanza, natembea taratibu mpaka nifike barabarani, ndipo nafurahi.