Mguu Uliokunywa Petroli

Shuleni wanaiita pikapu ya Babu "jeneza", kwa mwendo wake wa taratibu. Leo asubuhi nilimwomba anishushe kwenye kona ili nisionekane nayo. Akauliza kwa nini. Nikashindwa kudanganya, nikamwambia. Hakukasirika. Alizima gari, akaweka mikono juu ya usukani, akanambia maneno haya. Nayaandika kama nilivyoyasikia, maana mie mdomoni hayanitoki.

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa kijana, na pikapu kubwa kama hii, ya petroli, na kule kijijini kwetu Msuka hapana mwengine aliyekuwa nayo. Nilifunga vyuma virefu nyuma, vya kuzuilia magunia ya karafuu. Msimu ukaisha, vyuma sikuvitoa. Vilinipa ubwana. Matairi nayaacha yamelegea, ati gari lisirusherushe. Nikiona kilima nakanyaga mafuta mpaka chini, nikifika juu nafunga breki, na watoto wanashangilia. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wangu ulitokea kwenye bomba la gari.

Wete palikuwa na fundi mmoja, Mzee Makame, mtu wa maneno machache na mikono myeusi. Nikampelekea gari, nalalamika kuwa linakula mafuta. Akatoa ea klina, ile ya kuchuja hewa, akaigonga chini. Vumbi lililotoka lingetosha kukandika ukuta. Akalipiga tairi teke. Halafu akavitazama vile vyuma.

"Hivi unavipeleka wapi?"

"Haviendi kokote, Fundi."

"Basi ni abiria wa bure, kila siku unawazungusha." Akanitazama miguuni. "Gari halina tatizo. Mlaji ni huo mguu."

Vijana wa gereji wakacheka. Mie nikaona nimevunjiwa heshima. Nikamjibu, Mungu anisamehe: "Petroli nanunua mie. Wewe kama inakuuma, kanunue punda."

Alifunga boneti polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Haikupita miezi mingi, petroli ikaadimika kisiwani. Meli haijaja, sheli zote za mafuta zimefungwa kamba mlangoni. Asubuhi moja ikaja habari kutoka Mtambile, mbali kule kusini: bibi yangu, mzaa mama, amefariki, na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Mama yangu ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kike pekee. Na kwetu unajua, mama huoshwa na bintiye. Mama hakulia. Alichukua kanga zake, akapanda mbele, akasema, "Niwahishe nikamuoshe."

Ndani ya tangi mlikuwa na mafuta kidogo. Yangetosha, mwanangu. Hilo ndilo linalonila mpaka leo: yangetosha. Lau ningejaza upepo matairi, nikavishusha vile vyuma, nikaenda mwendo wa kati, gia ya juu, bila kukurupuka, tungefika na muda ukabaki. Lakini mie nilidhani kuwahi ni kukimbia. Nikakanyaga. Kila kilima nakipanda kwa hasira, kila kona breki. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo kinavyomwagika pia. Tukafika vilima vya kusini, Mtambile bado, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Nikasimama njiani nangoja wa kunisaidia. Hapana gari lililopita. Mama akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukipanda kilima ndani ya buibui lake. Nikamfuata nyuma.

Tulipofika, wanaume wamesharudi kutoka makaburini. Uani ardhi ilikuwa bado imelowa maji ya kuoshea maiti. Jirani mmoja akamwambia, "Tulikungoja, mwenzetu, mpaka shehe akasema maiti haiwekwi." Mama akainama, akaweka kiganja pale penye unyevu, akakaa hivyo.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakunilaumu hata siku moja. Lau angenilaumu, pengine ningepona. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika. Ndilo lililovunja.

Nilirudi kwa Mzee Makame kumtaka radhi. Akanipa spana. "Anza na vyuma," akasema.

Basi shika haya, mwanangu. Tazama upepo wa matairi kabla hujatoka, si njiani. Usibebe chuma usichokuwa na kazi nacho. Safisha ea klina, njia zetu za mashamba zina vumbi. Kilima kianze tangu mbali, taratibu, na ukiona kona mbele yako uondoe mguu mapema, usiingoje breki. Na hata kama hutoshika usukani maisha yako yote, jua kuwa akiba ni ya siku usiyoijua. Anayeitapanya siku ya raha anamnyang'anya mtu wa siku ya shida, na mtu huyo huenda akawa mamako. Mkubwa akikukosoa mbele za watu, meza kwanza, ujibu kesho. Mungu akupe mwendo wa kufika, asikucheleweshe kwa unaowapenda, na akupe sikio ungali na muda.

Babu alipomaliza nikasema amin, lakini nadhani hakuisikia. Akawasha gari, akauliza kama bado nataka kushuka pale kwenye kona. Nikatikisa kichwa kukataa. Tukaingia mpaka mlango wa shule, polepole, na wenzangu wakapiga kelele, "Jeneza hilo! Someni fatiha!" Babu akawapungia mkono.

Mie nilikuwa nautazama mguu wake. Umekaa juu ya pedeli kwa wepesi, kama unaogopa kumwamsha mtu.