Pikipiki Iliyouawa na Mkoloni

Pikipiki ya baba yangu ilikufa miezi kumi baada ya Uhuru, na kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata aliyelaumiwa kwa kifo hicho alikuwa Mwingereza aliyemuuzia.

Baba alikuwa fundi cherehani pale Isevya, Tabora. Mwingereza alikuwa mpima ardhi wa serikali ya kikoloni, na alipokuwa akifungasha vitu vyake arudi kwao alimwachia baba pikipiki yake kwa bei ya kutupa. Baba aliipanda kwa fahari miezi ile yote. Aliipanda hata kwenda msikitini, ingawa msikiti ulikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Kisha asubuhi moja ikakohoa mara mbili mbele ya dirisha la jikoni, ikanyamaza, na kila fundi aliyeitwa akatikisa kichwa. Baba akatangaza barazani kwamba mkoloni ameihujumu makusudi. Alijua anaondoka, akaitia ugonjwa wa polepole ili Mwafrika asifaidi.

Hadithi hiyo ilipendwa sana, na aliyeipenda kuliko wote ni balozi wetu wa nyumba kumi, kiongozi wa chama mtaani kwetu. Huyu alikuwa askari wa jeshi la Kiingereza kule Burma wakati wa vita, lakini baada ya Uhuru hakuweza kufungua mkutano bila kuitaja pikipiki yetu. "Ndugu wananchi, tazameni pikipiki ya fundi cherehani! Wametuachia magurudumu, roho wameondoka nayo!" Watu walipiga makofi. Pikipiki yenyewe ilikuwa stoo, imefunikwa magunia ya karanga, na kuku wa mama walikuwa wakitaga juu ya kiti chake.

Mimi nilikua, nikasomea ukunga, nikapangiwa zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa magharibi ya mji, kwenye njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Kijiji kilikuwa na bango, ofisi ya mwenyekiti na ratiba ya mikutano. Maji yalikuwa njiani yanakuja. Gari la zahanati nalo lilikuwa njiani linakuja. Nilipouliza ni njia ipi hiyo yenye msongamano namna hiyo, mwenyekiti aliniambia nina kejeli, na kejeli haijengi taifa. Basi nikawa natembea. Wapagazi wa enzi za misafara walipita hapohapo na pembe za ndovu mabegani, mimi nikapita na sanduku la vifaa vya kuzalishia kichwani. Wao angalau walitanguliwa na ngoma.

Mwanamke mmoja, kijiji cha tatu kutoka zahanati, nilimfikia baada ya mwendo wa saa nne. Mtoto alikuwa ameshazaliwa na ameshakufa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, jambo ambalo mikono yangu ingelimaliza kabla mtu hajahesabu kumi. Mama yake hakunilaumu. Alinipa maji ya kunywa kwa kuwa niliona kizunguzungu. Nilirudi zahanati, na likizo yangu ya mwezi mmoja ilipofika nilikwenda nyumbani Isevya, nikaingia stoo moja kwa moja, nikafukuza kuku na kuvuta magunia.

"Baba, nataka kuifufua hii."

Baba akavua miwani. "Hiyo imeuawa na mkoloni, mwanangu."

"Basi tumpasue marehemu tuone."

Nilimwendea mzee mmoja wa Kiarabu mtaa wa pili. Wazee wake walikuwa na duka kubwa tangu zama za misafara. Yeye alibaki na meza moja barazani, ambapo alitengeneza stovu, taa za kandili na cherehani, ikiwemo ya baba. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nini kimeharibika. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika meza.

"Miaka kumi na mitatu? Binti yangu, hapo huhitaji fundi, unahitaji sheikh wa kuisomea talkini kaburini."

Lakini kesho yake alikuja na mfuko wake wa spana. Akaketi kwenye kigoda uani, akaigusa ile pikipiki huku na huku kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Balozi naye alikuja, hakuna aliyemwita. Alisimama mikono nyuma, akatueleza kwamba kule Burma yeye alikuwa akifungua injini nzima gizani kwa kutumia kijiko.

"Kijiko tunacho," mama alisema kutoka jikoni. "Nikuletee?"

Balozi akasema leo mgongo unamuuma.

Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Yule fundi wa Kiarabu alifungua plagi, akamimina tunduni mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akaniambia tusubiri. Kila asubuhi nilitia gia na kuisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, hakuna kinachojongea. Ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga mji wa udongo wenye mitaa na vichochoro, uliopangwa vizuri kuliko kijiji changu. Niliuvunja kwa waya. Matairi yalikuwa yamepasukapasuka kama visigino. Duka la serikali halikuwa na matairi ila lilikuwa na fomu ya kuombea matairi, kisha fomu nazo zikaisha. Aliyetuokoa ni bruda mmoja mzee wa misheni ya Kipalapala. Alikuwa na matairi mawili yaliyotumika, akayatoa kwa sharti kwamba baba amshonee kanzu mbili zisizombana tumboni.

Siku ya sita nikiwa nasukuma, gurudumu liliachia ghafla na nikaangukia kifudifudi. Fundi akasema, "Alhamdulillahi." Balozi akasema, "Ndivyo nilivyowaambia," ingawa alikuwa ametuambia tuiuze chuma chakavu.

Ikabaki tangi. Fundi alilifungua, akaingiza kijiti, na kijiti kikatoka na gamba la kahawia, zito, limekauka kama lami. Akalinusa. Akalikwangua, akalimumunya kidogo kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama baba, akanitazama mimi, akalamba tena.

"Lahaula," alisema taratibu. "Hii ni sukari."

 Baba alikuwa na futi yake ya kupimia shingoni, akaishika ncha zote mbili. Balozi ndiye aliyefufuka wa kwanza. "Mnaona? Mnaona unyama wa mkoloni? Sukari!"

"Mkoloni gani?" mama alisema. Alikuwa ametoka jikoni, anapangusa mikono kwa kanga. "Niliitia mimi."

Akaendelea kwa sauti ileile ya kueleza bei ya mchicha. Mwaka ule wa Uhuru kulikuwa na mjane mmoja Kitete ambaye ghafla alihitaji nguo nane kwa mwezi mmoja, na nguo hizo zilihitaji kupimwa nyumbani kwake, na kupimwa upya, na kwa miguu Kitete palikuwa mbali lakini kwa pikipiki palikuwa karibu sana. "Sikutaka ugomvi," mama alisema. "Nikasema afadhali ugue mtambo kuliko nyumba. Ikatosha bakuli moja."

Baba alikaa chini juu ya gunia. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amemtukana Mwingereza asiye na hatia, hadharani, mara mbili kwa wiki. Alifungua mdomo, na nilidhani ataomba radhi au atafoka.

"Bakuli lipi?" aliuliza. "Lile kubwa?"

Fundi alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanatikisika. Balozi hakucheka. Alitazama mlango wa ua kama yupo mtu anayechungulia, akashusha sauti. "Shemeji, bakuli zima! Na leo watu wanapanga foleni ya robo kilo!" Yeye ndiye aliyekuwa akigawa sukari ya mtaa, kwa hiyo aliliona jambo lile kwa jicho la mhusika. Kisha likamjia kubwa zaidi. "Na hotuba zangu je? Nimesema mkoloni mbele ya Katibu Tarafa. Nimesema mkoloni mbele ya wanafunzi. Habari hii isitoke nje ya ua huu. Hii ni siri ya chama."

"Ni siri ya mume wangu," mama alisema, akarudi jikoni kupepea moto.

Tulilisafisha tangi kwa maji ya moto, kisha kwa kokoto na mafuta ya taa, tukilitikisa mimi na baba kwa zamu. Baba alitikisa kwa bidii ya mtu anayefuta kesi. Fundi akaitoa uchafu kabureta kwa unywele mmoja wa brashi ya waya, akasugua platini za kutoa cheche kwa msasa. Alasiri moja nilipiga kiki mara ishirini na moja. Mara ya ishirini na mbili ikanguruma. Moshi mweusi ulifunika ua, kuku walipanda paa, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alisema moshi ule ni mkali sana.

Alinifundisha kuiendesha kwenye uwanja wa mpira, akikimbia kando yangu na futi yake ikipepea. Alinishonea pia suruali ya kaki, pana kama magunia mawili, ili vijana wa maadili waliokuwa wakikagua mavazi barabarani wakose cha kupima.

Injini ilipolia, balozi naye alipata kazi mpya. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja kutoka makao makuu kuhimiza kujitegemea, na balozi aliamua kwamba sherehe yake ifunguliwe na pikipiki ile, iliyohujumiwa na mkoloni na kufufuliwa na wananchi. Na atakayeiendesha ni yeye.

"Ndugu balozi," nilimwambia, "waya wa mafuta bado unakwama. Ukivuta sana haurudi. Ukikwama, bana klachi, usihangaike."

"Binti, mimi nimeendesha hizi chini ya mabomu."

"Hakuna mabomu pale uwanjani. Kuna watoto wa shule."

Alinitazama kwa huruma. Nilichoweza kufanya ni kutia petroli kidogo tu, nusu ya chupa ya soda, na kumwomba mwalimu wa ngoma awasogeze watoto nyuma ya kamba.

Mgeni alikuwa ameshaketi jukwaani balozi alipoingia, kifua mbele, medali zake za Burma zimerudi kifuani baada ya likizo ndefu. Akavuta mafuta ili mlio usikike vizuri. Waya ukakwama. Akapita mbele ya jukwaa kama mshale, akazunguka goli, akarudi, akapita tena. Hakuwa na namna ya kusimama, na klachi alikuwa ameisahau kama alivyosahau mengine yote niliyomwambia. Mzunguko wa tatu alianza kupiga kelele: "Zima! Zima!" Kwa mlio ule, watu walisikia "Daima! Daima!" Wakaitika. "Daima!" walipaza sauti uwanja mzima, wanawake wakapiga vigelegele, bendi ikashika wimbo. Mgeni alisimama akapunga mkono. Kila alipopita balozi alilia zaidi, na kila alipolia zaidi waliitika zaidi. Nilihesabu mizunguko kumi na mmoja. Petroli ilimwishia mbele ya jukwaa kabisa, pikipiki ikasimama pale kama iliyoamriwa, na yeye akabaki ameikalia, midomo myeupe, mikono imegandia usukani.

Nilidhani hapo ndipo haki itatendeka. Mgeni alishuka jukwaani, akambandua mkono mmoja, akauinua juu. Alimwita mfano wa kuigwa. Alisema mzee huyu, kwa mikono yake mwenyewe, ameshinda hujuma ya ubeberu.  Balozi alinitazama, akamtazama fundi, akamtazama mama. Kisha akainama kidogo kwa unyenyekevu, akasema, "Nimefanya wajibu wangu tu." Mama alipiga makofi kuliko mtu yeyote uwanjani, na alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Likizo yangu ilikuwa inakwisha, na petroli ilitolewa kwa kibali. Karani wa vibali alitaka barua ya kuthibitisha kwamba chombo kinatumika kwa maendeleo. Nikamweleza habari ya wajawazito. Akasema wajawazito hawana mhuri. Mwenye mhuri alikuwa balozi. Nilikwenda kwake, akaniandikia palepale kwa mwandiko mzuri wa kijeshi, bila kunisumbua, na ndani ya barua aliandika kwamba mbebaji ni msaidizi wake katika mradi wa pikipiki. Niliisoma mara mbili mbele yake. Nilimfikiria yule mwanamke aliyenipa maji. Nikaikunja barua, nikasema ahsante.

Jumatatu nikaondoka alfajiri, sanduku limefungwa nyuma kwa kamba ya cherehani. Mwendo wa saa nne ukawa wa chini ya saa moja, pamoja na kusimama kusafisha plagi. Wiki hiyohiyo nilifika kwa mama mmoja aliyekuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto ametanguliza makalio. Nilikuta bado kuna nafasi ya kufanya kazi. Alizaliwa wa kike, wa bluu kidogo, kisha akalia kwa hasira. Baba yake alikuwa nje muda wote, akiizunguka pikipiki. Nilipotoka na mtoto aliniuliza:

"Dada, hii ndiyo ile aliyoifufua balozi wa Isevya?"

"Pokea mtoto wako," nilimwambia. "Shika kichwa vizuri."

Nilinawa mikono, nikapiga kiki mara saba, na nikaelekea kijiji cha pili, ambako mwingine alikuwa ananisubiri.