Bwana Muhuri na Milango Iliyorudi

Mtaa mzima ulimwita Bwana Muhuri, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Seremala huyu alipochongesha muhuri wa karakana yake aliugonga kila mahali, hata kwenye madaftari ya shule ya watoto, mpaka mkewe akamwambia bado paji la uso tu. Muhuri ulisema: mlango uliochongwa kwa kipimo cha mteja haurudishwi. Maneno hayo ndiyo yaliyomlaza usingizi.

Basi hoteli moja mpya ikataka milango. Fundi akapeleka karatasi ya bei, muhuri umekolea. Hoteli ikajibu kwa karatasi yake ya kuagiza, na mgongoni mwake, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, iliandikwa kwamba mnunuzi anaweza kurudisha mzigo rangi isipompendeza. Jamani, mtu anayepima ubao hadi unywele, karatasi hakuigeuza! Aliona idadi na bei ni zilezile, akatosheka. Kule hotelini nao hawakuusoma muhuri. Kila mmoja akadhani mwenzake amekubali lake.

Mbao alizitoa wapi? Hapo ndipo roho inaponiuma. Zilikuwa mbao ngumu alizozikausha miaka mingi kwa ajili ya nyumba atakayomjengea mama yake, bibi aliyeishi chumba cha kupanga, paa linavuja juu ya kitanda. Akamwendea, akamweleza kwamba milango hii ikiuzwa watapata mbao nyingine na mabati juu yake. Mama akajibu kwamba mbao ni za mwanawe, yeye ameshazoea kusogeza kitanda.

Siku ya kupeleka, mtunza stoo wa hoteli akakataa kusaini hati ya fundi. Akatoa ya kwake: mzigo umepokelewa kwa masharti ya mnunuzi. Dereva wa lori amenuna, jua linachoma, milango imeshashushwa. Fundi akasaini, kisha kwa mazoea yake akagonga na muhuri.

Haukupita muda milango ikarudi yote, bila hata senti. Mwenye hoteli alikuwa amebadili rangi ya kuta, na sasa mbao zilionekana nyeusi mno. Fundi akakimbilia kwa wakili, mwanamke mpole, akamtandazia karatasi zote mezani. Wakili akazisoma moja baada ya nyingine, na alipofika ya mwisho akavua miwani.

"Karatasi zenu zilikuwa zinabishana," akasema. "Zingebaki hivyo, tungepambana. Lakini hii ya mwisho ni ya kwao, na wewe umeikubali kwa mkono wako, kaka yangu. Na muhuri wako huu hapa."

Fundi akauliza kwa sauti ndogo kama muhuri wenyewe hausemi mlango haurudishwi. Wakili akamjibu kwamba unasema, lakini ameugonga kwenye karatasi inayosema mnunuzi ndiye mwenye masharti. Mwenye nguvu mpishe, ndugu zangu, hasa ukiwa umempisha kwa sahihi.

Kuiuza kwingine? Wapi! Hoteli ilitaka milango mirefu kupita kawaida, na nyumba za watu wa kawaida hazina fremu za namna hiyo. Ukiikata unakata na viungo, unabaki na kuni. Fundi alikaa karakanani amejiinamia, hana mbele wala nyuma.

Mama yake akamkuta hapo. Akapapasa mlango mmoja, akausifu ulaini wake, akauliza kama hii ndiyo ile milango ya hoteli.

"Ndiyo, Mama."

"Mbona iko hapa?"

Machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake. Mawingu yalikuwa yameshatanda, na mama akayatazama kidogo.

"Basi nipe huo mmoja, mwanangu. Tuuweke juu ya kitanda unikinge."

Fundi akaubeba begani mpaka kwa mama. Ujia wa ile nyumba ya kupanga ulikuwa mwembamba. Akajaribu kuuingiza umesimama, akajaribu kuulaza ubavu, akaugeuza tena, kona ikakataa. Akauegemeza ukutani, nje. Mvua ikaanza kuunyeshea, na mama akaingia ndani kusogeza kitanda.